Kharumwa si jiko la kupikia takwimu!

Na Mwandishi Wetu, Kharumwa

NDUGU msomaji, kijana mwenzangu uliyeko Mwanza, Dar es Salaam, Dodoma au Morogoro, kabla hujakimbilia ukurasa wa michezo nina swali moja kwako. Ile tasnifu yako ya mwaka wa mwisho wa chuo, uliiandika wewe au iliandikwa na jamaa wa steshenari?

Usione haya. Hapa si polisi, wala si ofisi ya mitihani. Hapa ni ukurasa wa watu wanaoambiana ukweli, na ukweli wenyewe kila mtu mjini anaujua. Pitia vichochoro vinavyozunguka vyuo vyetu uone vibanda vya kuchapa na kufunga vitabu. Kibandani humo, mbali na kuchapa, unaweza kuagiza utafiti mzima kama unavyoagiza chipsi mayai: taja somo, taja wilaya, lipa nusu, rudi Ijumaa. Unakuta sura tano, majedwali, jalada gumu, na jina lako limeng'aa kwa dhahabu juu.

Wengi tunacheka tunaposimulia hayo. Mimi nimeacha kucheka. Nimeacha kwa sababu naandika kutoka Kharumwa, na Kharumwa ni mojawapo ya mahali panapoandikwa sana na watu ambao hawajawahi kukanyaga vumbi lake.

KHARUMWA NI WAPI?

Kwa wale wanaoijua nchi hii kwa kituo cha daladala tu, Kharumwa ni makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, Mkoa wa Geita. Mkoa wenyewe na wilaya yenyewe vilizaliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo tulikuwa kipande cha Wilaya ya Geita, Mkoa wa Mwanza. Watu wake wanalima mpunga, mahindi na pamba, wanafuga, na wanachimba. Upande mmoja uko mgodi wa Bulyanhulu, uliofunguliwa mwaka 2001. Upande mwingine uko mgodi wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000. Katikati tupo sisi, na maduara yetu, na makarasha yetu, na mialo yetu ya kuoshea mchanga.

Mahali pa namna hiyo kila msomi anapataka. Kuna dhahabu, kuna zebaki, kuna ardhi yenye ugomvi, kuna watoto wanaokimbia shule kwenda machimboni, kuna vikongwe waliouawa Usukumani kwa sababu macho yao ni mekundu. Mada zimejaa kama mchele gunia.

Hebu sasa piga picha. Anafika kijana na begi mgongoni na barua yenye mihuri. Barua imeanzia chuoni kwake, ikapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikapita kwa Katibu Tawala wa Wilaya, ikapita kwa Mkurugenzi, ikapita kwa Mtendaji wa Kata, ikatua mezani kwa Mtendaji wa Kijiji. Mihuri yote hiyo, na mama mwenye karai mwaloni ndiye wa mwisho kuambiwa! Mama anaacha kazi yake, anakaa kwenye jiwe, anajibu maswali arobaini. Amezaa wangapi. Anapata kiasi gani kwa siku. Zebaki anaishika kwa mkono au kwa glavu. Mwisho mama naye anauliza lake moja: "Sasa mwanangu, haya yatatusaidia nini?"

Kijana anageuza dodoso, anamsomea sentensi iliyoandikwa juu kabisa: majibu haya ni kwa matumizi ya kitaaluma tu.

Kwa matumizi ya kitaaluma TU! Ndugu msomaji, katika Kiswahili chote sijapata kuona neno dogo lenye dharau kubwa kama hilo "tu". Maana yake ni kwamba jasho la mama yule litabebwa hadi mjini, litatafsiriwa kutoka Kisukuma kwenda Kiswahili, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, litafungwa kwenye jalada gumu, litawekwa kwenye rafu, na litakufa hapo. Mama hatalisikia tena. Mwenyekiti wa kitongoji hatalisikia tena. Lililochukuliwa Kharumwa halirudi Kharumwa, na hapo ndipo tunapofanana na dhahabu yetu.

Na huyo bado ni kijana mwema. Huyo walau amekuja. Mbaya ni yule asiyekuja. Madodoso mia moja ya "wakazi wa Nyang'hwale" yanajazwa hosteli usiku mmoja, marafiki watatu, kalamu za rangi tofauti ili msimamizi asishtuke. "Wewe kuwa mkulima, mimi niwe mchimbaji, yule awe mjane." Wanacheka, wanapika takwimu mpaka zinaiva. Asubuhi yake asilimia kubwa ya wajane wa Nyang'hwale wameridhika na huduma za maji!

Siku hizi hata hao marafiki watatu hawahitajiki. Imeingia akili mnemba, mashine inayoandika sura tano kabla chai haijapoa. Sina ugomvi na mashine. Lakini mashine haijapata kumwamkia mzee "wangaluka" wala kusubiri aitikie. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mashine haina mgongo wa kung'atwa na kunguni.

TUSIMWONEE KIJANA

Najua utakavyonijibu. Utasema: "Bwana mwandishi, wewe unaongea tu. Nauli ya kufika huko anatoa nani?" Ni kweli. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, ina fungu liitwalo utafiti, lakini si kila mwenye mkopo anapangiwa fungu hilo, na si kila kijana ana mkopo. Msimamizi mmoja ana kundi la wanafunzi hata majina yao hayakumbuki. Kibali kinakawia, muhula unakwisha, mzazi kijijini ameuza ng'ombe na anasubiri kuona joho. Kijana akibanwa hivyo, kibanda cha steshenari kinakuwa mkombozi.

Kwa hiyo sikutukani. Nawauliza wakubwa. Nchi inayopata fedha za kununulia mashangingi inakosaje fedha za kumpeleka mwanafunzi wa mwaka wa tatu kijijini kwa wiki tatu? Jibu langu ni kwamba haikosi. Nchi inayoendeshwa kwa kujificha haioni faida ya vijana elfu wenye daftari na kalamu wakizunguka vijijini wakiuliza hesabu. Tasnifu ya kupika haimtishi kigogo yeyote, ila ile ya kweli inamkosesha usingizi.

Lakini nikisha kuwalaumu wakubwa, narudi kwako. Maana walikuwapo vijana kama wewe, maskini kuliko wewe, na walifanya.

VIJANA WA MWAKA 1968

Vita vya Maji Maji vilipiganwa kuanzia mwaka 1905 hadi 1907. Kwa miaka mingi habari zake zilizokuwa vitabuni ziliandikwa na waliotupiga. Gavana Götzen mwenyewe, aliyeongoza serikali ya Wajerumani wakati ule, alitoa kitabu chake mwaka 1909. Babu zetu kwenye vitabu vya namna hiyo walikuwa washenzi waliodanganywa kwa maji ya mganga.

Mwaka 1968 idara ya historia ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, chini ya walimu akina John Iliffe pamoja na Gilbert Gwassa, iliwatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza kwenda vijijini kuwasikiliza wazee waliokuwapo vitani au waliosimuliwa na baba zao. Wanafunzi, si maprofesa! Walikwenda na daftari, wakakaa kwenye vigoda, wakauliza: nani alileta maji, nani alikataa, nani alinyongwa, njaa ilikuwaje. Wawili kati yao, Mapunda na Mpangara, kazi yao juu ya vita vile Ungoni ilitoka kitabu mwaka 1969. Karatasi nyingine zilikusanywa na chuo mwaka huo huo. Na mwaka huo huo Ebrahim Hussein akatoa tamthiliya yake Kinjeketile, kwa Kiswahili, na watoto wa shule wakaijua vita ile upya.

Fikiri vizuri. Kama vijana wale wangekwenda steshenari, wazee wale wangekufa na maneno yao. Miaka zaidi ya sitini ilikuwa imepita tangu vita. Kila msimu wa mvua ulikuwa unamzika shahidi mmoja. Leo profesa yeyote duniani anayeandika habari za Maji Maji hawezi kuwakwepa wanafunzi wale.

Hata Mwalimu Nyerere mwenyewe alianza hivyo. Akiwa mwanafunzi Makerere miaka ya arobaini, aliandika insha ndefu juu ya unyonge wa wanawake katika jamii zetu, akianzia na alichokiona kwao Uzanaki. Hakusubiri kuwa Rais ndipo aone mama anaonewa. Na kwa wanaodhani utafiti wa mwanafunzi ni mchezo wa watoto, John Kennedy wa Marekani, yule aliyekuja kuwa Rais, tasnifu yake ya Harvard ya mwaka 1940 ilichapwa kitabu mwaka huo huo na watu wakainunua. Tasnifu ya shahada ya kwanza si karatasi ya kuombea kazi. Ni mara ya kwanza nchi inakupa ruhusa rasmi, yenye muhuri, ya kuuliza maswali. Unaiuza ruhusa hiyo kwenye kibanda?

MASHAHIDI WETU NAO WANAZEEKA

Sasa nirudi nyumbani. Agosti 1996, Bulyanhulu. Wachimbaji wadogo waliondolewa kwa nguvu ili eneo likabidhiwe kampuni ya kigeni, ambayo wakati ule ilikuwa mali ya Sutton Resources ya Kanada. Mwaka 1999 Barrick ikainunua Sutton. Wapo wanaodai hadi leo kwamba kuna watu walifukiwa mashimoni siku zile. Serikali na kampuni zilikana tangu mwanzo na zinaendelea kukana. Wanasheria wa LEAT, akina Tundu Lissu na Rugemeleza Nshala, walipokusanya ushahidi na kuusema hadharani, waliishia kushtakiwa kwa uchochezi.

Mimi hapa sitoi hukumu. Nasema jambo moja tu. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1996, akitoka duarani na sululu begani, leo anaelekea uzeeni. Aliyekuwa na miaka 45 ameshakuwa mzee wa mkongojo, kama bado yupo. Wamo Kharumwa, wamo Kahama, wamo Geita mjini. Wanauza miwa, wanalinda maghala, wanalea wajukuu. Kila mmoja ana siku yake ya Agosti 1996 kichwani. Nani ameiandika? Si ya wakili mmoja wala ya mwandishi mmoja. Namaanisha mia moja, mia mbili, kila mtu na sauti yake, alichokiona na ambacho hakukiona, pamoja na wale waliokuwa askari na wale waliokuwa makarani.

Yaliyotokea siku zile, kama ni makubwa yataonekana. Kama ni uvumi, utaonekana pia, na kampuni itashukuru. Ukweli hauna chama. Lakini tukingoja, miaka ishirini ijayo watabaki wenye mafaili tu, na historia yetu itaandikwa tena na akina Götzen.

Hiyo ndiyo kazi ya vijana wa historia, wa sheria, wa sosholojia wa vyuo vyetu vya leo. Vijana wa mwaka 1968 walisubiriwa na wazee kwa miaka sitini. Ninyi mnasubiriwa na baba zenu wenyewe.

SI HISTORIA PEKE YAKE

Usiniambie: "Mimi nasoma kemia, hayo ya wazee hayanihusu." Njoo na kemia yako. Mchimbaji mdogo anakamata dhahabu kwa zebaki, kisha anaichoma ile zebaki motoni, mara nyingi nyuma ya nyumba anamolala na watoto. Mvuke ule unaingia mapafuni na unapanda kichwani. Marudio ya mchanga yanabaki kwenye mashamba na mabonde. Tanzania iliridhia mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Haya, pima maji ya kisima kimoja, kijiji kimoja, kiangazi na masika, uniletee namba. Namba moja ya kweli ni nzito kuliko hotuba kumi.

Unasoma udaktari au uuguzi? Vumbi la karasha na la miamba linakausha mapafu ya vijana wenzako, na kifua kikuu kinaingia kama mwizi aliyeachiwa mlango. Unasoma maendeleo ya jamii? Kaa na kikongwe mwenye macho mekundu umwulize amepika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka mingapi. Simeon Mesaki wa Mlimani alitumia miaka mingi kuchunguza mauaji ya vikongwe Usukumani, na alionyesha kwamba nyuma ya neno uchawi kuna ardhi, kuna mirathi, kuna mali.

Unasoma uhasibu? Hapo ndipo ninapokupenda zaidi! Mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3 chini ya sheria ya mwaka 1998, ukawa asilimia 4 mwaka 2010, ukapanda hadi asilimia 6 mwaka 2017, pamoja na asilimia 1 ya ukaguzi. Upo pia ushuru wa huduma unaolipwa halmashauri kisheria, unaokokotolewa kwa mauzo ghafi. Na tangu mwaka 2017 kila mgodi unatakiwa kuandaa mpango wa kuihudumia jamii kila mwaka na kukubaliana na halmashauri. Basi chukua kijiji kimoja, shika mpango wa mwaka mmoja, halafu tembea kwa miguu uhesabu: darasa walilosema liko wapi, kisima kiko wapi, zahanati ina dirisha? Hiyo ni tasnifu. Haihitaji ndege. Inahitaji viatu.

Unasoma kilimo au misitu? Uliza habari za ngitili. Wasukuma tangu zamani walitenga malisho ya akiba kwa ajili ya kiangazi. Wakaja wataalamu, wakafyeka, Shinyanga ikawa jangwa. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa HASHI wa kurudisha miti, kilichouokoa ni ile ile ngitili ya wazee, na dunia ikaja kujifunza kwetu. Ujuzi ulikuwapo kijijini muda wote, umekaa kwenye kigoda, unasubiri mtu wa kuuliza.

KWA NINI WAKUBWA HAWAPENDI MASWALI

Ndugu msomaji, usidhani kilio changu ni cha shule tu. Ni siasa, tena siasa tupu.

Mwaka 1969 wanafunzi wa Mlimani walianzisha jarida lao, Cheche. Mmoja wa wahariri, Karim Hirji, alikuwa anasoma hesabu. Mwaka 1970 Issa Shivji, kijana wa sheria aliyepata shahada yake ya kwanza mwaka huo huo, akaandika humo uchunguzi mrefu juu ya nani hasa anaushika uchumi wa nchi hii iliyojiita ya kijamaa. Kabla mwaka haujaisha Cheche ikapigwa marufuku, na umoja wa wanafunzi ulioitoa ukafutwa. Kwa kosa gani? La kuhesabu! Vijana wale hawakukata tamaa, wakaanzisha jarida jingine, wakaliita MajiMaji.

Mwaka 2007 waziri Nazir Karamagi alisaini mkataba wa mgodi wa Buzwagi huko London. Mbunge kijana, Zitto Kabwe, akauliza bungeni kulikoni mkataba wa nchi unasainiwa ughaibuni. Akasimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa. Lakini swali halikusimamishwa. Liliunda Tume ya Bomani, na tume ikatangulia sheria mpya ya madini ya mwaka 2010. Swali moja la kijana!

Mwaka 2018 Twaweza ilipotoa maoni ya wananchi yaliyoonyesha kwamba kukubalika kwa Rais kumeshuka, ikaandikiwa barua ieleze kibali chake cha utafiti, na mkurugenzi wake akanyang'anywa pasi ya kusafiria. Mwaka huo huo Sheria ya Takwimu ikarekebishwa, ikawa jinai kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali. Mpaka Benki ya Dunia ikapiga kelele, na mwaka 2019 kamba ikalegezwa.

Na mwaka 2017? Makontena 277 ya makinikia yalizuiwa bandarini Dar es Salaam. Kamati mbili za wataalamu zikaundwa, moja ya Profesa Mruma na nyingine ya Profesa Osoro, zikatangaza mabilioni yaliyotutoka. Kampuni ikazikana hesabu zile. Baadaye wakakaa mezani, serikali ikapata hisa asilimia 16. Mimi nauliza: tangu Bulyanhulu ifunguliwe mwaka 2001 hadi 2017, ni wanafunzi wangapi wa jiolojia, kemia na uchumi waliomaliza vyuo vyetu? Katika tasnifu zao zote, ni ngapi zilijaribu kuuliza ndani ya mchanga ule mna nini? Tukawa taifa linalogombana na wenye mizani huku sisi wenyewe hatuna hata mizani ya kupimia vitunguu.

Ndiyo maana nasema, anayepika takwimu za Kharumwa hamdanganyi msimamizi wake. Anamsaidia kigogo. Kila "wananchi wengi wameridhika" iliyopikwa hosteli ni kura ya wizi. Sisi wa mageuzi tunalalamika kila uchaguzi kwamba masanduku yanajazwa usiku. Na dodoso lililojazwa usiku je? Tofauti yake ni nini?

TUFANYE NINI?

Kwanza, andika ya kwenu. Kama umezaliwa Nyang'hwale, usiandike juu ya maduka ya Kariakoo. Kwenu unajua lugha, una pa kulala, ugali haulipiwi, na mzee hawezi kukudanganya kwa sababu anamjua babu yako. Nauli ni moja, ile ile ya likizo.

Pili, tumia sheria zilizopo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Andika barua, weka tarehe, tunza nakala. Wakikunyima, kule kunyimwa nako ni matokeo ya utafiti, liandike. Ripoti za Mdhibiti Mkuu wa Hesabu zinatoka kila mwaka. Ripoti za TEITI zinaonyesha kampuni zimelipa nini na serikali imekiri kupokea nini. Zisome kabla hujaanza kuuliza watu.

Tatu, rudisha ulichochukua. Ukurasa mmoja, Kiswahili chepesi, bila maneno ya kujionyesha. Mkutano mkuu wa kijiji kwa sheria unatakiwa kufanyika walau kila miezi mitatu. Omba dakika kumi, simama, soma. "Mlinipa majibu, haya ndiyo niliyoyaona." Mtendaji akikataa, bandika ukurasa wako kwenye mti wa sokoni siku ya mnada. Na lile neno "tu" kwenye dodoso lako, likate kwa kalamu.

Nne, linda waliokuamini. Jina la mchimbaji asiye na leseni usiliandike. Jina la mama aliyekutajia mla rushwa usiliandike. Wewe utarudi mjini, yeye atabaki hapa na mtendaji.

Tano, ninyi ambao tasnifu zenu tayari zilinunuliwa, nanyi bado mna nafasi. Shahada hatutakuvua. Lakini umeajiriwa halmashauri, benki, shuleni, au uko kijiweni na cheti mkononi. Chukua daftari la mia mbili sasa. Mwulize baba yako Agosti 1996 alikuwa wapi. Andika tarehe, andika maneno yake kama alivyoyasema, kwa Kisukuma chake. Ile ndiyo itakuwa tasnifu yako ya kwanza.

Mama wa mwaloni aliuliza yatamsaidia nini. Hajajibiwa. Anaendelea kuinamia karai lake, zebaki imo kiganjani, jua linampiga mgongoni, na mjini kuna vitabu kadhaa vyenye jalada gumu vinavyodai kumjua. Siku atakapotokea kijana mmoja akarudi kwake na ukurasa mmoja mkononi, akamsomea, mama akatikisa kichwa na kusema "hapa umekosea, mwanangu, haikuwa hivyo," siku hiyo ndipo chuo kikuu kitakuwa kimefika Kharumwa.

Kijana huyo nilitaka awe wewe.